Mfumo ukiwa mzito, tazama kwanza unavyozungumza na kanzidata

Vijana wa mifumo hapa Tanga siku hizi wanakabidhi kazi kwa kasi ambayo miaka mitano iliyopita isingewezekana. Chama cha akiba na mikopo kinataka mfumo wa wanachama, duka la dawa la jumla linataka mfumo wa stoo, shule inataka mfumo wa ada. Kijana anaieleza akili mnemba kinachotakiwa, nayo inamwandikia mfumo mzima kwa Laravel au Django, viunzi vya kujengea programu za wavuti, majedwali yakiwemo, na kabla wiki haijaisha mteja ameshaingia kwa neno lake la siri. Kutokana na kasi hiyo limezuka wazo ambalo nalisikia vyuoni na vijiweni: kwamba SQL, lugha ya kuiuliza na kuiagiza kanzidata (hifadhi ya data ya programu), ni elimu iliyopitwa na wakati, kwa kuwa zana zinazounganisha programu na kanzidata zinaiandika zenyewe. Wazo hilo si sahihi, na gharama yake inabebwa na watu wasiojua hata kwamba ipo. Zana hizi zimetupunguzia kazi ya kuandika. Maamuzi hazijatupunguzia: programu iulize kanzidata mara ngapi, nani asubiri pale watu wawili wanapogusa fedha ile ile kwa wakati mmoja, na nani aruhusiwe kusoma nini. Maamuzi hayo yanaendelea kufanyika kila siku, ila sasa yanafanyika bila mtu kuyaangalia.

Historia kidogo inahitajika hapa, maana bila hiyo ubishi huu hauna mguu wa kusimamia. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM huko San Jose, Marekani, alipendekeza data zipangwe kwenye majedwali, na mtumiaji aseme anataka nini bila kulazimika kueleza njia ya kukipata. Miaka minne baadaye wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walileta lugha ya kuulizia majedwali hayo, ndiyo iliyokuja kuitwa SQL. Pendekezo la Codd ndilo linaloipa kanzidata nguvu hadi leo. Ukiuliza swali moja lililokamilika, kanzidata inachagua yenyewe indeksi (orodha ya kutafutia haraka) ya kutumia na jedwali la kuanza nalo. Ukiiuliza vipande vipande, umeinyima nafasi ya kuchagua, umebaki unaitumia kama kabati la mafaili.

Wavuti ulipokuja, ilibidi pawepo kitu cha katikati. Miaka ya 1990 Microsoft ilileta ODBC na watu wa Java wakaleta JDBC, zote zikiiwezesha programu kuzungumza na kanzidata yoyote kupitia draiva. Wengi wetu, hata hivyo, tuliingilia mlango wa lugha ya PHP na kanzidata ya MySQL, ambazo zote mbili zilitoka mwaka 1995 na zote hazikuhitaji kununuliwa. Msimbo wa enzi hizo ulikuwa wa kuunga maneno: unachukua alichoandika mtu kwenye fomu, unakibandika katikati ya sentensi ya SQL, unaituma. Mtu akiandika jina lake, mambo yanakwenda. Akiandika alama ya nukuu ikifuatiwa na amri yake mwenyewe, kanzidata inamtii. Udhaifu huo ulielezwa hadharani tangu mwaka 1998, lakini amri za zamani za PHP zilizowazoesha watu kuunga maneno hivyo ziliondolewa kabisa Desemba 2015, toleo la 7 lilipotoka. Miezi miwili kabla ya hapo, kampuni ya simu ya Uingereza TalkTalk ilikuwa imevamiwa kwa njia hiyo hiyo kupitia kurasa za zamani ilizozirithi kutoka kwa kampuni nyingine. Taarifa za wateja 156,959 zilichukuliwa, na mwaka 2016 ikatozwa faini ya pauni 400,000.

Zana za ORM, zinazougeuza mstari wa jedwali kuwa objekti ndani ya programu, zilikua katikati ya kipindi hicho: Hibernate ya Java mwaka 2001, Rails mwaka 2004, Django mwaka 2005, na Laravel na Eloquent, ORM yake, mwaka 2011. Nazitetea bila kusita kwa jambo moja kubwa. Ukizitumia kwa kawaida yake, swali linakwenda peke yake na thamani zinakwenda peke yake, kwa hiyo jina lenye alama ya nukuu linabaki kuwa jina. Kinga hiyo inampata hata yule ambaye hajawahi kusikia kuhusu uvamizi wa kuchomeka amri, na ndiyo maana nasema imeokoa mifumo mingi kuliko mihadhara yote ya usalama. Pia zimetupa utaratibu wa kuhifadhi historia ya mabadiliko ya majedwali ndani ya faili, kiasi kwamba mtu anayeupokea mfumo leo anaweza kuujenga upya kanzidata ikiwa tupu. Wanaosema turudi kuandika SQL tupu kila mahali wanasahau tulikotoka. Fomu yenye vipengele thelathini ikiandikwa kwa mkono ina nafasi thelathini za kukosea, na atakayekosea ni yule aliyechoka saa nne usiku.

Lakini kinga hiyo ni ya kosa moja. Makosa mengine yamebaki, na yamejificha zaidi.

Chukua chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 400. Mhasibu anafungua ukurasa wa orodha ya wanachama na mkopo wa kila mmoja. Mtengenezaji ameandika mstari wa kuleta wanachama wote, kisha ndani ya ukurasa akaandika kwamba kwa kila mwanachama uonyeshwe mkopo wake. Msimbo ni mfupi na unasomeka vizuri. Chini yake, zana imetuma swali moja la wanachama, halafu swali moja la mkopo kwa kila mwanachama, jumla maswali 401. Kwenye kompyuta ya mtengenezaji, ambako kanzidata imo humo humo ndani ya mashine, kila swali linajibiwa kwa chini ya milisekunde moja, na ukurasa unafunguka papo hapo. Sasa mfumo unakwenda kazini. Programu inawekwa kwenye kompyuta ya ofisi Chumbageni, hapa mjini Tanga, na kanzidata inawekwa kwenye huduma ya kukodi huko Ulaya ili kompyuta ikiibiwa au ikiungua, kumbukumbu za wanachama zibaki salama. Kwa upande huo ni uamuzi wa busara. Ila safari ya kwenda Ulaya na kurudi huchukua karibu milisekunde 150, na kila swali linasubiri la mbele yake lijibiwe. Zidisha kwa 401: ukurasa mmoja, dakika nzima.

Kinachofuata kila mmoja wetu amekiona dirishani akiwa kwenye foleni. Mhudumu anasema mtandao unasumbua. Fundi akiulizwa, naye anasema mtandao. Uongozi unakubali kulipia kifurushi kikubwa zaidi, na ukurasa unabaki na dakika yake ile ile, kwa sababu kifurushi kinaongeza wingi wa data zinazopita kwa sekunde, hakifupishi umbali. Nyaya za baharini zilizoanza kutua pwani yetu mwaka 2009 zilitutoa kwenye setilaiti, ambako safari moja ya kwenda na kurudi ilikula kama nusu sekunde au zaidi, na nafuu hiyo tuliiona wote. Hakuna nyaya nyingine itakayoisogeza Ulaya hadi Raskazoni. Kinachotibu tatizo hili ni neno moja, with kwenye Eloquent au prefetch_related kwenye Django, linaloagiza mikopo yote iletwe kwa pamoja, na maswali 401 yanageuka mawili. Nimewahi kuitwa kwenye biashara moja Ngamiani baada ya wenyewe kubadilisha kampuni ya intaneti kwa ajili ya ukurasa wa namna hii. Aliyeutengeneza mfumo alikuwa kijana makini na msimbo wake ulikuwa safi. Hakuwa tu amewahi kuiona SQL ambayo zana yake inaituma kwa niaba yake.

Suala la fedha ni zito zaidi, kwa kuwa halina hata dalili ya uzito inayomfanya mtu alalamike. Mwanachama ana salio la shilingi 200,000. Mjini Tanga mhasibu anakata rejesho la mkopo la 50,000 wakati ule ule ambao Muheza mwanachama mwenyewe yuko dirishani anatoa 80,000. Programu inasoma salio kwa ajili ya mhasibu wa Tanga, inapata 200,000. Inasoma kwa ajili ya mhudumu wa Muheza, nako inapata 200,000. Wa kwanza anaandika 150,000. Wa pili, ambaye hana habari, anaandika 120,000 juu yake. Salio halali lilitakiwa kuwa 70,000. Chama kimepoteza 50,000, hakuna ujumbe wa kosa uliotokea, stakabadhi zote mbili ni halali, na mwisho wa mwaka mkaguzi atakapokuta hesabu hazilingani, atakayetiliwa shaka kwanza ni mhasibu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote katika jambo hili: mtu mwaminifu anaweza kupoteza jina lake kwa mistari mitatu ya msimbo unaoonekana hauna dosari.

Ukimwambia mtengenezaji habari hii atajibu kwamba ameizungushia shughuli yote transaction, yaani hatua zake zikamilike zote au zighairiwe zote. Hilo halitoshi. Kwa mpangilio ambao kanzidata za MySQL na PostgreSQL zinakuja nao, miamala miwili inaruhusiwa kusoma salio lile lile na kila mmoja kuandika lake. Kinachotakiwa ni ama kuufunga mstari wakati wa kuusoma, kwa SELECT yenye FOR UPDATE mwishoni, ambayo Eloquent inaiita lockForUpdate na Django select_for_update, ama kuiachia kanzidata ifanye hesabu yenyewe: UPDATE akaunti SET salio = salio - 50000 WHERE id = 17 AND salio >= 50000. Sentensi hiyo moja inakata, inazuia salio lisiwe hasi, na inawapanga foleni wanaokuja kwa pamoja. Zana zote kubwa zina namna ya kuieleza. Ila hakuna zana itakayokuambia kwamba unaihitaji, kwa sababu haijui kama safu yako ya salio ni fedha au ni hesabu ya waliotembelea ukurasa.

Malipo ya simu yana mtego wa jamii hiyo hiyo. Mfumo wa malipo usipopata jibu kwa wakati huweza kutuma taarifa ya muamala ule ule tena. Programu nyingi huangalia kwanza kama namba ya muamala imeshaandikwa, na kama haipo huiandika. Taarifa mbili zikiingia kwa pamoja, zote zinakuta haipo, na ada ya mtoto mmoja inahesabiwa mara mbili. Maelezo ya Rails yenyewe yanaonya kwamba ukaguzi wa upekee unaofanywa ndani ya programu hauhakikishi upekee. Anayehakikisha ni indeksi ya kipekee ndani ya kanzidata, inayokataa namba ile ile isiandikwe mara mbili, na indeksi hiyo ni mstari mmoja ambao mtu asiyefikiri kwa majedwali haukumbuki.

Idadi ya miunganisho ambayo kanzidata inaikubali kwa wakati mmoja naitaja kwa kupita. PostgreSQL inakuja ikiruhusu miunganisho 100 na MySQL 151. Mfumo wa matokeo ya shule unaofunguliwa na wazazi wote asubuhi moja unaweza kuimaliza hata kama seva ina nguvu. Tiba yake, mfano PgBouncer inayogawana miunganisho michache kwa maombi mengi, inajulikana siku nyingi.

Upande wa pili una hoja, na zenye nguvu zinastahili jibu la heshima. Yenye nguvu kuliko zote ni hii: akili mnemba inayajua haya yote. Iulize kuhusu lockForUpdate itakueleza vizuri kuliko mwalimu, na ukiipa msimbo wenye maswali 401 ikaukague, mara nyingi itayaona. Nakubali, na mimi mwenyewe naitumia kwa kazi hiyo. Lakini inaandika kulingana na ilichoelezwa, na maelezo ya kijana yalikuwa "nitengenezee mfumo wa wanachama wa kuweka na kukopa". Ndani ya sentensi hiyo hamna habari ya tawi la Muheza, hamna habari kwamba kanzidata itakaa Ulaya na programu Chumbageni, hamna habari kwamba taarifa za malipo zinaweza kuja mara mbili. Mambo hayo yako vichwani mwa watu wa chama na kwenye mazingira ya kazi. Anayeweza kuyageuza kuwa maswali ya kuiuliza mashine ni mtu anayejua kwamba mstari wa jedwali unaweza kusomwa na wawili kwa pamoja.

Hoja nyingine husema kwamba ORM inakupa uhuru wa kuhama kutoka kanzidata moja kwenda nyingine bila kugusa msimbo. Kwa mtu anayetengeneza programu ya kuuzwa kwa wateja wengi wenye kanzidata tofauti, ina maana. Kwa chama au duka ambalo litabaki na MySQL yake mpaka mfumo ustaafu, ni faida ya kwenye karatasi, na inamfanya mtengenezaji aogope kutumia uwezo wa kanzidata aliyonayo, kama ile indeksi ya kipekee au masharti yanayokataa salio hasi.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi kwa wenye biashara, ni kwamba sisi ni wadogo, nani atahangaika kutuvamia. Inadhani mvamizi anachagua. Programu kama sqlmap, ambayo ipo tangu mwaka 2006 na inapatikana bure, inajaribu fomu moja baada ya nyingine bila mtu kukaa nayo, na roboti zinazozunguka intaneti hazijui kama mlango uliosahauliwa wazi ni wa benki au wa duka la Ngamiani. Na mlango wenyewe umebadilika sura. Zamani kivinjari kilizungumza na seva, na seva ndiyo ikazungumza na kanzidata. Huduma mpya kama Supabase zinakiruhusu kivinjari kuifikia PostgreSQL karibu moja kwa moja, kwa ufunguo ambao kila mgeni anao, na kinachobaki kumzuia ni kanuni za kila jedwali zinazosema nani asome mstari upi. Mwaka 2025 zilichunguzwa programu 1,645 zilizotengenezwa kwa Lovable, zana ya kujengea programu kwa akili mnemba, na 170 zikakutwa zikivujisha data kwa kukosa kanuni hizo au kuwa nazo pungufu. Nyingi kati ya programu za namna hiyo ni kazi za mtu mmoja mmoja na biashara changa. Udogo haukuwasaidia. Na kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa anayekusanya taarifa za watu hata kama ni duka la dawa lenye kompyuta moja. Orodha ya nani amenunua dawa gani ni siri ya mgonjwa kabla haijawa data.

Kwa vyuo vyetu, maana yake ni mpangilio wa masomo. Mwanafunzi akianza na Laravel, anaiona kanzidata kama mahali ambapo objekti zinalala, na mtazamo huo ni mgumu kuung'oa. Akianza na majedwali matatu ya chama, akayauliza kwa mkono, akafungua madirisha mawili ya MySQL na kuliona salio likipotea mbele ya macho yake, ORM atakayopewa baadaye ataitumia akijua inachofanya kwa niaba yake. Zoezi hilo la madirisha mawili linachukua nusu saa na halihitaji hata intaneti.

Kwa wateja, mkataba unatakiwa kusema zaidi ya rangi za kurasa na tarehe ya kukabidhi. Uongozi wa chama hauhitaji kujua SQL ili kudai mambo machache: mtengenezaji aonyeshe ukurasa mzito zaidi unatuma maswali mangapi, afanye jaribio la watu wawili kugusa akaunti moja kwa pamoja, na majaribio hayo yafanyike mahali ambapo kanzidata itakaa kweli, si kwenye kompyuta yake ya mpakato. Bei ya mfumo imeshuka kwa sababu uandishi umekuwa rahisi. Ukaguzi haujawa rahisi kwa kiasi hicho hicho, na anayetoza kidogo kwa sababu hakagui anamuachia mteja deni.

Na kwa watengenezaji wenzangu, kuna jambo la kufanya leo. Msitegemee kumbukumbu ya maswali yanayochelewa ya MySQL kuwaonyesha ukurasa wa maswali 401. Kwa kawaida yake kumbukumbu hiyo hata haijawashwa, na ikiwashwa huandika swali lililozidi sekunde kumi. Hapa kila swali moja moja ni jepesi, tatizo ni wingi, kwa hiyo kumbukumbu itabaki tupu huku wateja wakisubiri. Wekeni Django Debug Toolbar au Laravel Debugbar, zinazoonyesha maswali ambayo ukurasa umetuma, kwenye mashine ya kutengenezea, na kwenye Laravel washeni preventLazyLoading, ambayo inasimamisha programu pale inapoanza kuuliza mkopo wa kila mwanachama kivyake. Itawasimamisha mara nyingi siku ya kwanza. Kila inapowasimamisha, soma SQL iliyokuwa inataka kutumwa kabla hujamwomba mtu au mashine akurekebishie.